Arusi ya Kuwahi Msiba

Bi Hoai alifika kwetu saa mbili asubuhi akiwa amevaa viatu. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Mama huyu wa Khiem, mpenzi tuliyeachana miezi miwili nyuma, nilikuwa nimemfahamu miaka miwili, na mwanamke yule hakuvaa viatu ila siku za mwaka mpya. Mikononi alibeba sinia, na juu ya sinia palikuwa na kitambaa chekundu.

Mimi na mama tulikuwa kwenye kitanda cha kufumia mikeka, yeye akigonga, mimi nikipitisha matete. Mama aliacha kugonga. Baba, ambaye kazi yake ya asubuhi ni kunywa chai na kutazama wengine wakifanya kazi, aliweka kikombe chini.

"Karibu, dada," mama akasema. "Mapema yote hii?"

"Sina muda mwingine ila huu," Bi Hoai akajibu.

Akaketi. Sinia akaliweka magotini, hakulitua mezani. Kitambaa kilikuwa kimeteleza upande mmoja, nikaona kichane kizima cha popoo na majani ya tambuu yamepangwa vizuri. Posa hiyo. Posa kwetu huja na wazee watano au sita, kwa miadi, baada ya mwezi mzima wa kupelekana maneno. Hii ilikuja kwa mguu, imebebwa na mjane mmoja mwenye macho mekundu.

"Bibi anaendeleaje?" baba akauliza.

"Bado hatujapiga ngoma," akasema Bi Hoai.

Basi tukajua. Kwetu Thai Binh mtu hajafa mpaka ngoma ya msiba ilie. Pumzi inaweza kuwa imekatika alfajiri, majirani wakasikia, muuza chai njiani akasikia, lakini ngoma isipolia hakuna aliyefiwa na hakuna anayevaa nyeupe ya msiba. Bibi Khoan, nyanya yake Khiem, alikuwa amekata roho, na kijiji kizima kilijua na kijiji kizima kilikuwa hakijaambiwa.

"Jeneza linafungwa saa ngapi?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Saa tisa alasiri. Mpiga falaki amesema saa tisa, isipite. Ngoma itapigwa hapo." Bi Hoai akanigeukia. "Mwanangu Thoa, nimekuja kukuposa. Uolewe leo, kabla ya saa tisa. Ikipita hapo, Khiem ni mfiwa wa miaka mitatu."

Wajukuu wengine wangeomboleza mwaka mmoja tu. Lakini Khiem alikuwa mjukuu wa kwanza, mtoto wa mwana mkubwa, na baba yake hakuwepo duniani. Kwa hiyo msiba ambao angeubeba baba yake aliubeba yeye, mzima mzima, na aliye msibani haoi. Mama hakuhitaji kuelezwa. Nilimwona akihesabu kimyakimya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ishirini na sita na mitatu, ishirini na tisa, na tayari nilikuwa msichana ambaye watu sokoni walimwuliza mama yangu habari zake kwa huruma.

"Lakini Bibi alikataa," nikasema.

Alikataa, na sababu yake ilikuwa moja. Nimezaliwa mwaka wa Chui Milia. Mwanamke wa Chui Milia, wanasema, anakula mume. Bibi Khoan hakuwa na kitu kingine dhidi yangu; aliwahi kusifu mikeka yangu mbele za watu. Ila mkwe mwingine wa Chui Milia hakumtaka, kwa kuwa mmoja alikuwa naye. Bi Hoai alizaliwa mwaka wa jina hilohilo, mizunguko miwili ya miaka kumi na miwili kabla yangu, na mumewe alizama Khiem akiwa na miaka minne. Alizama usiku wa mafuriko, tuta la mto lilipokatika, yeye na wanaume wengine tisa. Wajane wa wale tisa hakuna aliyewauliza walizaliwa mwaka gani.

"Alibadili mawazo," akasema Bi Hoai. Alisema akiangalia sinia. "Alfajiri. Alinishika mkono akaniambia, mleteni yule binti wa mikeka. Maneno yake ya mwisho ndiyo hayo."

Mama akaanza kulia. Machozi ya furaha kabisa, ya mtu aliyeombea kitu miaka na kikaja mlangoni na viatu.

"Khiem yuko wapi?" nikauliza.

"Nje, kwenye bwawa. Anaona haya kuingia."

"Kwa nini aone haya?" mama akauliza huku akijifuta.

Nikatoka.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi za bwawa letu, baiskeli imeegemezwa mgombani, akitazama bata. Shati jeupe la kupigwa pasi, suruali nyeusi. Amepungua. Miezi miwili nilikuwa sijamwona isipokuwa mgongo, akipita kwenye tuta kwenda kiwanda cha matofali, na kila alipopita nilijifanya natafuta kitu chini ya kitanda cha kufumia. Mama alishaniuliza mara kadhaa kilichopotea ni nini.

Kwetu mwanamke humwita mpenzi wake kaka. Nikimkasirikia, mimi namwita bwana.

"Bwana Khiem," nikasema.

Akasimama. "Bado bwana?"

"Bado. Pole kwa msiba ambao haujatokea."

"Asante." Akatabasamu kidogo, tabasamu likamshinda, akaangalia pembeni. Nilitaka kumshika uso. Nasema wazi, nilitaka kumshika uso pale pale mbele ya bata na dirisha la mama, na hasira niliyokuwa nayo haikunisaidia lolote.

"Tulipoachana uliniambia tusubiri," nikasema. "Nikakuuliza, tusubiri nini? Tusubiri afe? Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Sasa amekufa, na hata hajapoa, sinia hili hapa."

"Ni mama. Niliamka nikamkuta anaosha popoo. Ameniambia vaa shati. Sikuwa na akili ya kumuuliza kitu, Thoa. Yule bibi ndiye aliyenilea mama akiwa shambani. Nilikuwa nimemshika miguu alfajiri nzima."

"Kwa hiyo ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi niambie. Mama yako anasema Bibi alibadili mawazo mwishoni. Alisema mleteni yule binti wa mikeka. Ni kweli?"

Nikamwona anaangalia nyumba yetu, kisha jua, na nilijua anachohesabu. Saa tatu kasoro. Neno moja tu, *ndiyo*, na saa tano angekuwa mume wangu. Hakuna aliyebaki duniani wa kumkanusha. Mama yake alikuwa ameshamfungulia mlango, kilichobaki ni yeye kupita.

Na mimi nilikuwa nimeshaamua. Akisema ndiyo, nitarudi ndani niseme hapana. Maana nilimjua Bibi Khoan. Yule bibi hakubadili hata upande wa kulalia.

"Hapana," akasema Khiem.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama nimekuacha kweli."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijakuacha, wewe ndiye uliyeniacha. Akasema, afadhali. Akaomba maji. Hakusema tena." Akageuka, akanitazama. "Amekufa hakutaki, Thoa. Sitaki uingie kwetu ukidhani vingine, halafu siku moja ukaujua ukweli. Ukitaka tusubiri miaka mitatu, nitasubiri. Ukitaka usiolewe nami kabisa, hilo pia nimelisikia. Lakini nakupenda na nilikosea kunyamaza siku ile. Nilipaswa kukujibu."

"Ungenijibu nini?"

"Kwamba ndiyo. Ndicho nilichokuwa nasubiri. Nikajichukia, nikanyamaza."

Bata walikuwa wametoka majini wanajipukutisha. Nikakaa kwenye ngazi. Si jambo la kusikia kila siku, mtu kukwambia hivyo kuhusu bibi aliyemlea, naye angali amelala kitandani. Lakini ilikuwa kweli, na tangu tujuane hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Khiem kunipa neno lililomgharimu.

"Kaka Khiem," nikasema, "twende ndani."

Ndani mama alikuwa ameshafungua kabati. Nguo ndefu nyekundu ya binamu yangu, aliyoolewa nayo mwaka uliopita, ilikuwa imetandazwa juu ya mkeka ambao haujaisha. Bi Hoai bado ameshika sinia.

Nikapiga magoti mbele yake ili tutazamane.

"Mama, Khiem ameniambia."

Bi Hoai akamtazama mwanawe. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetembea mbali akakuta duka limefungwa.

"Umeniumbua," akamwambia.

"Nisamehe, mama."

"Amekuumbuaje?" mama yangu akauliza. "Kuna nini? Jamani, muda unakwenda."

"Bibi hakusema lile neno," nikamwambia mama. "Alikufa akinikataa."

Mama akakaa juu ya nguo nyekundu. Baba akamimina chai nyingine, akaisogeza kwa Bi Hoai badala ya kuinywa.

"Nimesema uongo," akasema Bi Hoai. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kusimulia bei ya mchele. "Sikiliza, binti. Miaka ishirini na mitatu nimekaa mjane katika nyumba ile. Mtoto akikohoa, wananitazama. Nguruwe akifa, wananitazama. Mkwe wangu hakuwahi kunitukana, hata siku moja, nisimsingizie. Alikuwa akinitazama tu, kisha anatazama picha ya mwanawe mezani. Nikajua hivyo ndivyo itakavyokuwa mpaka mmoja wetu aondoke. Leo ameondoka yeye. Nikasema, kabla hawajapiga ngoma, kabla wifi yangu, Shangazi Nu, hajapata miaka mitatu ya kumtafutia Khiem msichana wa mwaka mzuri, acha nimlete anayempenda. Na acha niwe na mtu pale ndani wa kukaa naye jikoni. Hilo la mwisho nilikuwa sitaki kulisema."

Mama yangu akainuka kwenye nguo nyekundu, akaanza kuinyoosha mikunjo.

"Sasa nirudi na sinia langu?" Bi Hoai akauliza.

Niliwaza, sitasema uongo. Niliwaza kila mafua atakayougua Khiem. Niliwaza baiskeli ikipasuka gurudumu, tanuri la matofali likianguka, na ukoo mzima ukigeuka kunitazama, yule mwanamke aliyeingia mwenye nyumba angali hajazikwa. Miaka mitatu ingenipa heshima. Ningeingia kwa mlango wa mbele, kwa wazee watano na fataki za maneno. Au isingenipa kitu, kwa sababu katika miaka mitatu watu wanachoka, na Khiem ni mtu, na Shangazi Nu hachoki.

"Nina sharti," nikasema.

"Sema," akasema Khiem.

"Mtu yeyote asiseme Bibi alikubali. Wewe mwenyewe utawaambia, mbele ya meza ya mababu zako, kwamba alinikataa mpaka mwisho na wewe ndiye unayenileta. Sitaki kuishi humo kwa ruhusa ya uongo. Nikiingia, niingie kama nilivyo."

"Watapiga kelele," akasema Bi Hoai.

"Hawawezi, mama. Mpaka saa tisa hakuna msiba, na kwenye arusi hakuna anayepiga kelele."

Baba akacheka. Alicheka peke yake, akaona haya, akakohoa. Kisha akanyoosha mikono miwili akapokea sinia kutoka magotini kwa Bi Hoai, akalipeleka mezani kwa mababu zetu na kuwasha vijiti vitatu vya udi. Hakutuuliza tena. Mama akanisukuma chumbani nikavae.

Tulikwenda kwa baiskeli, watu saba pamoja na majirani wawili, tukipita juu ya tuta. Mimi nilikaa nyuma ya Khiem, kiti cha chuma, nguo nyekundu nimeikusanya isishikwe na mnyororo. Wanawake waliokuwa wakianika matete walisimama kututazama. Hakuna aliyepiga vigelegele wala kusema hongera, kwa sababu walijua, na hakuna aliyesema pole, kwa sababu hawajaambiwa. Walitupungia mikono tu.

"Kuna jambo sijakuambia," Khiem akasema bila kugeuka.

"Lingine?"

"Siku mia moja nitalala chini, mbele ya jeneza kwanza, halafu mbele ya meza ya udi ya Bibi. Peke yangu. Ndiyo desturi."

"Najua desturi. Mimi ni mtu wa Thai Binh kama wewe."

"Nilidhani labda umesahau."

"Endesha, kaka Khiem."

Nikaegemeza paji la uso mgongoni kwake. Shati lilikuwa limelowa jasho. Ni mwendo wa robo saa kutoka kwetu hadi kwao, na ndiyo fungate niliyopata.

Nyumbani kwao mlango wa kati ulikuwa wazi na madirisha yamefungwa. Kwenye meza palikuwa na chai, sahani ya peremende, mbegu za tikiti zilizokaangwa. Hakuna muziki. Watu wa ukoo kama kumi na watano wamekaa wamevaa nguo nzuri, na nyuso za watu waliolia wakanawa. Upande wa kushoto lilining'inia pazia la maua, na nyuma ya pazia alikuwepo Bibi Khoan. Jeneza lilikuwa limewekwa uani, limefunikwa turubai kama shehena ya mchele.

Khiem alisimama mbele ya meza ya mababu, akawasha udi, akageuka.

"Huyu ni Thoa," akasema. "Bibi alimkataa. Alimkataa mpaka alfajiri ya leo, mimi nilikuwepo. Ninayemleta ni mimi. Likitokea lolote, mniulize mimi."

Shangazi Nu, dada wa marehemu baba yake, akaacha kutafuna mbegu. Ni mwanamke mwembamba mwenye meno meusi ya tambuu, na mdomo wake hauna mlango.

"Kumbe dada Hoai alituambia vingine," akasema.

"Alikosea," akasema Khiem.

"Haya. Ila ukiugua homa, usije kwangu kutafuta dawa."

"Sitakuja, shangazi."

Basi. Tukainama mbele ya mababu mara tatu, tukawapa wazee chai kwa mikono miwili, kila mzee akanywa funda moja kwa haraka. Arusi ilikuwa imekwisha na maji ya birika hayajapoa.

Nikaelekea kwenye pazia. Bi Hoai alinishika mkono. "Si lazima. Bibi arusi haingii huko."

"Nitaingia kidogo."

Alikuwa amelala, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mdomoni walishamwekea punje za mchele. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi, mengine makali, niliyoyatunza miezi miwili. Yakawa hayafai kuambiwa mtu asiyeweza kujibu.

"Bibi, ni Thoa," nikasema. "Najua hukutaka. Nimekuja. Nitamtunza."

Nikainama mara mbili, nikatoka.

Saa tisa jeneza lilifungwa, nikasikia nyundo, kisha ngoma ikalia. Papo hapo nyumba nzima ikapasuka kilio, kilio kilichokuwa kimebanwa tangu alfajiri. Khiem alipewa fimbo ya mfiwa na kofia ya majani makavu, akapiga magoti kwenye kichwa cha jeneza mahali ambapo baba yake angepiga. Alilia kwa sauti kubwa kama mtoto, na sikuruhusiwa kwenda kumshika.

Jikoni nilivua nyekundu. Nilikuwa nimeivaa kwa muda usiotimia saa sita. Bi Hoai alinivisha joho la gunia jeupe lisilopindwa pindo, kisha akachukua kitambaa cheupe cha kichwani. Kupitia mlangoni nilimwona Shangazi Nu akinionyesha kwa kidevu, akimnong'oneza jirani, na jirani akinitazama. Kisha akamtazama Khiem. Kisha mimi tena.

Bi Hoai naye aliona. Mikono yake ilitulia kichwani mwangu.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

Akafunga fundo, akalivuta mpaka likakaza, akasogeza nywele zangu nyuma ya masikio taratibu.

"Basi kuanzia leo tuko wawili," akasema. "Watagawanya macho."